Kazi ya nyumbani ikichelewa, mzazi ufanye nini?

Mzazi wa Ibaba, mwanao akikwambia asubuhi, sare keshavaa, kwamba hesabu alizopewa jana hajafanya, usimfanyie. Wala usimzuie nyumbani kwa kuogopa mwalimu. Aende, na aseme mwenyewe: “Mwalimu, sijamaliza, naomba nilete kesho.” Kesho yake hakikisha kapeleka kweli, maana ahadi isiyofuatiliwa humfundisha kudanganya.

Kwa nini wanachelewesha? Mara nyingi si uvivu. Mtoto akitoka shule anachota maji, anatafuta kuni, na wakati wa mavuno anapitia shambani. Mwezi wa Juni jua linazama mapema, na baridi ya huku Ileje inamsukuma jikoni kwenye moshi, ambako hawezi kusoma. Basi geuza ratiba: daftari kwanza, ndoo baadaye. Kwa darasa la kwanza hadi la nne, nusu saa ya mwanga wa jua inatosha. Kama mna taa ya sola, imulikie daftari kwanza, simu zichajiwe baadaye.

Na kama hujui kusoma? Bado unaweza kusimamia. Mwambie akusomee swali kwa sauti, kisha akueleze anavyolifanya. Fungua kurasa za nyuma utazame wino mwekundu wa mwalimu. Ukikuta vema zimekoma ghafla, kuna jambo. Muulize kwa upole.

Tatizo likiendelea, nenda kwa mwalimu wa darasa, yaani yule anayeita mahudhurio. Kumwona hakuna malipo. Mkubaliane siku ya kurudisha kazi, na kama hakurudisha, aimalizie shuleni wakati wa mapumziko. Huo ndio uwajibikaji: kubeba matokeo ya ulichokiacha. Msipoelewana, mwone mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, ambamo wazazi wana wawakilishi.

Vipi kuhusu viboko? Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinamruhusu kuvitoa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, tena visizidi vinne na viandikwe kitabuni. Ni adhabu ya makosa makubwa. Daftari lililochelewa halifiki huko, na mtoto anayeogopa fimbo hujifunza kutoroka tu.

Mtoto akishika ratiba wiki nzima, msifu mbele ya wadogo zake. Jioni ya leo, kabla hujamtuma maji, mwombe akuonyeshe daftari.