Figo Hazijui Ubishi

Kijana alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, ametoka Dar es Salaam kupanda Kilimanjaro. Huko Marangu alimkuta mzee aliyeongoza wageni mlimani hadi magoti yalipomkatalia, na kijana akamwambia bila kusita kwamba wanaoshuka kabla ya kilele ni walegevu.

“Anayetaka kwa moyo wote hufika, babu.”

“Nani kakufundisha hayo?” Mzee aliweka kikombe chini. “Kilele cha Uhuru ni mita ngapi?”

“5,895. Na huko juu oksijeni kwenye hewa imepungua.”

“Haijapungua! Ni asilimia 21, kama Kariakoo. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kileleni ni takriban nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi inakuletea nusu tu ya oksijeni.”

“Basi nitahema zaidi. Mapafu ninayo.”

“Mapafu! Wote husema mapafu. Sikiliza. Ukihema sana unatoa hewa ya ukaa kwa wingi. Hiyo ikipungua, damu inapoteza asidi, na ubongo unakupunguzia kupumua ingawa oksijeni bado haitoshi. Ndiyo maana usiku kule juu mtu hukatika pumzi usingizini, akashtuka. Wa kurekebisha ni figo. Figo hutoa bikaboneti kwenye mkojo, damu ikakaa sawa, ndipo mwili unaporuhusu kuhema zaidi. Kazi hiyo huchukua siku. Siku, mjukuu wangu, si saa!”

“Hata kwa mtu wa mazoezi?”

“Mazoezi hayaziharakishi figo. Tena wewe uko hatarini zaidi, maana miguu yako itakufikisha juu figo zikiwa bado kazini. Haya, nini huchukua siku?”

“Figo, babu.”

“Figo!”

Hapo mzee akaacha sayansi, akawageukia wazazi na walimu wanaomwambia mtoto kwamba hakuna kisichowezekana. Mtoto huyo akikua, alisema, hulipia safari kwa akiba yake yote, akaahidi ndugu picha za kileleni, halafu kichwa kikimuuma anaficha kwa aibu. Uongo wake hubebwa na wengine: wapagazi ndio humshusha gizani kwa machela.

“Hans Meyer unamjua? Mwaka 1887 alirudi nyuma mbele ya barafu ya Kibo, koni ya juu kabisa ya mlima huu. Mwaka 1888 akatekwa wakati wa vita vya Abushiri. Mwaka 1889 akaja na Ludwig Purtscheller. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta, wakaona nguvu haziwatoshi, wakashuka. Kilele walikikanyaga tarehe 6. Ni mlegevu huyo?”

Kijana alikaa kimya kidogo. “Kwa hiyo asiye na haraka atafika?”

“Wengi, ndiyo. Wengine mwili hukataa kila safari, na hakuna kipimo cha hospitali kitakachokuhakikishia mapema kuwa wewe si mmoja wao. Wamo watu hodari kuliko wewe na mimi. Kikomo chao kiko pale, na hawajamkosea mtu.”

“Nitajuaje nimefika changu?”

“Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, mwambie kiongozi wako, usipande hata hatua moja. Ukiyumba unapotembea, au ukihema ukiwa umekaa, shuka. Shuka usiku huohuo, usingoje kupambazuke.”