Bakteria Wanaolinda Mizizi ya Michungwa Yangu

Masika ikikolea hapa Muheza, udongo mzito wa bondeni hukaa na maji siku nyingi, na michungwa huanza kufia chini. Adui ni Phytophthora. Tumezoea kumwita ukungu, lakini kiukoo yuko karibu zaidi na mwani kuliko kuvu. Mbegu zake zina mikia na huogelea kwenye maji ya udongo mpaka zikute ncha za mizizi. Na kwa kuwa si kuvu, baadhi ya dawa za ukungu za madukani hazimgusi kabisa.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni yeye. Fukua taratibu chini ya mwavuli wa mti, kina cha kiganja tu, ushike mzizi mwembamba na kuuvuta kwa vidole viwili. Mzizi mzima hukaza. Mgonjwa huvuka ganda lake lililooza, likabaki mkononi mwako, na katikati ukaona uzi mweupe mtupu. Nikiona hivyo sina shaka tena, hata kama majani juu yameanza tu kupauka.

Mimi natumia bakteria wa aina mbili, Bacillus subtilis na Pseudomonas fluorescens. Wote huishi kando ya mizizi na kula sukari inayotolewa na mti. Bacillus hutengeneza kemikali zinazotoboa ngozi ya vimelea. Pseudomonas hunyakua madini ya chuma yaliyo kwenye udongo, adui akakosa cha kujengea mwili. Zaidi ya hapo, uwepo wao huuzindua mti uamshe kinga yake wenyewe. Lakini hawafufui mzizi uliokwisha kuoza. Kazi yao ni kuulinda mzizi mpya unaochipuka, kwa hiyo upe mti nafasi ya kuchipua kwanza: chimba mfereji maji yatoke. Bila mfereji, usipoteze hela yako.

Dukani, soma lebo. Iwe na namba ya usajili wa TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), idadi ya bakteria hai kwa gramu au mililita, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Bacillus hujifungia ndani ya ganda gumu na kustahimili joto na ukame. Pseudomonas hana ganda hilo, hufa upesi, na chupa yake iliyoanikwa kwenye rafu inayopigwa na jua mimi siinunui hata nikipunguziwa bei.

Sipendi kuwamwaga moja kwa moja kwenye udongo mtupu. Nachukua mboji iliyoiva, iliyopoa na isiyonuka, nachanganya na bakteria kwa kipimo cha lebo, kisha nalowanisha mpaka nikiikamata ngumini ishikamane bila kuchuruzika. Nafunika kwa gunia bichi kivulini wiki mbili hivi, nikigeuza mara kwa mara, ili waongezeke. Kama maji ni ya bomba, yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha klorini ipungue.

Mwanzoni mwa vuli na tena mwanzoni mwa masika, jioni jua likishapoa, natandaza mboji hiyo kuzunguka mti, kuanzia hatua moja kutoka kwenye shina hadi nje kidogo ya mwavuli, kwa sababu mizizi ya kulishia iko huko. Juu yake naweka matandazo ya nyasi kavu. Shina liachwe wazi, na pale palipounganishwa mche pasifukiwe kamwe, kwani gome likigusa unyevu kila siku ugonjwa hupandia hapo.

Dawa za shaba huua bakteria wengi, basi usizimwage kwenye udongo uliowatia. Nina chombo cha kuchanganyia shaba na kingine cha bakteria, na haviazimani. Shaba naitumia kwenye shina linalotoa gundi tu: nakwangua gome lililokufa kwa kisu safi mpaka nifike penye uhai, naacha pakauke, napaka.

Kuna ugonjwa mmoja ambao bakteria hawa hawauwezi, nao ni griningi. Huo wenyewe unasababishwa na bakteria, wanaokaa ndani ya mishipa inayosafirisha chakula cha mti, mahali ambapo wale wa kwenye udongo hawawezi kwenda kuutibu. Utaona madoa ya njano yasiyolingana upande huu na ule wa jani, na chungwa lililopinda, la kijani upande wa chini. Wanaoueneza ni wadudu wadogo wafyonzao majani machanga, na aina mojawapo, yule wa Kiasia, ameshaonekana Tanzania, taarifa zake zilichapishwa mwaka 2016. Ukiushuku, mwite bwana shamba. Ikithibitika, pulizia kwanza dawa ya wadudu ili wasihamie mti wa jirani, ndipo uung'oe.