Mizizi ya Maneno ya Kiingereza: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia, biolojia na jiografia zinafundishwa kwa Kiingereza. Maneno mengi yanayomtisha humo yana asili ya Kigiriki na Kilatini. Kuijua mizizi yake kunasaidia sana, ila kwa masharti haya.

FANYA

1. Anza na mizizi michache yenye uzao mkubwa. "Port" ni kubeba: hapo umepata "transport", "import", "export" na "portable". "Graph" ni kuandika, "bio" ni uhai, "thermo" ni joto. Orodha ndefu ya kubandika ukutani waachie wanaopenda mapambo.

2. Soma viambishi pamoja na mzizi. Kutoka "andika" unafika "mwandishi", "maandishi" na "andikiana" bila hata kufikiri, kwa hiyo usijifanye kazi hii ni ngeni kwako. Tazama "inspect", "prospect" na "spectator": "spect", yaani kutazama, imebaki palepale, vilivyobadilika ni vilivyoitangulia na vilivyoifuata.

3. Tumia ulichonacho. Simu umewahi kuiita telefoni: "tele" ni mbali, "phon" ni sauti. Ukishika hayo, "telescope" na "microphone" hayatakupiga chenga. Ila usiichanganye "tele" hiyo na tele yetu ya wingi.

4. Pambanua yanayofanana. "Hyper" ni kuzidi, "hypo" ni kupungua: "hypertension" ni presha ya kupanda, "hypotension" ni ya kushuka. "Ante" ni kabla, "anti" ni dhidi ya. Anayesomea uuguzi ajue kwamba kosa hapa haliishii kwenye karatasi ya mtihani.

USIFANYE

1. Usidhani kila "ped" ni mguu. Katika "pedestrian" na "pedal" ni mguu, kwa Kilatini. Katika "pediatrics", tiba ya watoto, ni mtoto, kwa Kigiriki. Uliza kwanza mzizi umetoka lugha gani.

2. Usifanye kila "in" kuwa ukanushi. "Invisible" ni kisichoonekana, lakini "inflammable" ni kinachoshika moto upesi. Mtu akilisoma neno hilo kwenye lori la mafuta, akaamini ni salama na kuwasha sigara, hatapata nafasi ya kufanya masahihisho.

3. Usichukue asili ya neno kuwa maana yake ya leo. "December" imejengwa juu ya kumi kwa sababu kalenda ya kale ya Warumi ilianza Machi. Leo ni mwezi wa 12. "Malaria" imetoka kwenye Kiitaliano cha "hewa mbaya", nasi tunajua ugonjwa huo huenezwa na mbu. Ronald Ross aliviona vimelea vyake ndani ya mbu huko India mwaka 1897, na jina halikubadilika.

4. Usilazimishe ukoo usiokuwepo. "Water", "house" na "mother" ni maneno ya Kiingereza cha kale. Usiyatafutie babu Roma. Hata wasomi walianguka hapa: "island" ilitiwa herufi "s" isiyotamkwa kwa kudhaniwa kuwa ni jamaa wa "insula" ya Kilatini. Si jamaa yake.

5. Usikariri mzizi bila sentensi. Neno usiloweza kulitumia katika sentensi yako mwenyewe bado hulijui.

Mzizi hukupa haki ya kukisia tu. Kisia, fungua kamusi, thibitisha, kisha andika. Mvivu wa kufungua kamusi asijidai kwamba anajifunza kwa mizizi, huyo anabahatisha.