Pesa za leseni ya kaa

*Shangazi, mimi ni katibu wa chama chetu cha vijana hapa Doldol. Likizo hii tunashuka Watamu, na wenzangu wanataka kwenda Mida wakavue kaa wenyewe. Jamaa wa huko amempigia mwenyekiti simu: kila mmoja atume elfu moja, naye atatoa leseni moja kwa jina lake itutoshe sote. Nikiuliza maswali naambiwa naharibu safari. Nifanyeje?*
*Katibu, Doldol*

Katibu mwanangu, pesa hizo zisitumwe. Kuuliza ndiyo kazi uliyopewa, usiionee haya.

Leseni za uvuvi, hata wa kujiburudisha, ziko chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Iliyotolewa kwa jina la mtu inamhusu mtu huyo. Ninyi wengine mkikutwa na kaa mkononi, mtaonyesha nini? Hata huko kwenu, anayetaka kuvua trauti mto Burguret au Naro Moru hashuki mtoni hivi hivi na ndoana yake.

Kisha kuna mahali penyewe. Watamu ina hifadhi ya bahari tangu 1968, na humo hamvuliwi kitu, uwe na karatasi ya aina gani. Hori ya Mida iko katika eneo la akiba, ambako wenyeji wanaruhusiwa uvuvi wao wa asili chini ya macho ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kwa hiyo kabla ya kuzungumza bei, ulizeni mtakanyaga wapi. Wanaojua ni BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo huo, afisa wa uvuvi wa Kaunti ya Kilifi na ofisi ya KWS. Ada za KWS hulipwa kwa eCitizen, hazipitii simu ya mtu.

Mimi ningewashauri fimbo ya kuvulia kaa mumwachie mvuvi mwenyewe. Mvuvi wa kaa huingia mikokoni maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, na fimbo yenye kulabu. Hulisoma tundu kwa mikwaruzo iliyoachwa kwenye tope bichi, akaichomeka fimbo polepole, akasikiliza kwa mkono. Kaa akitoka, humbana mgongoni na kumfunga magando kabla hajamtia kapuni, maana gando la kaa wa mikoko laweza kuvunja kidole. Ninyi mmekulia kwenye miiba ya migunga, miguu yenu naiamini, lakini tope lile humeza kiatu na mwenye kiatu akabaki amesimama palepale.

Tena tundu lile ni riziki yake. Atalirudia bamvua ijayo. Kundi zima likiingia na kuchokoachokoa kila shimo, mtapiga picha muondoke, naye atabaki na matundu yaliyobomolewa. Mlipeni awatembeze, mtazame, mmuulize. Halafu nendeni Dabaso, kuna kikundi cha wenyeji kinachonenepesha kaa na kuendesha mkahawa juu ya mikoko. Elfu yenu ikiliwa pale, mtajua imekwenda wapi.

Kuhusu mwenyekiti, usibishane naye mbele ya wanachama. Mwite kando, umwombe amuulize yule jamaa mambo mawili: ni mwanachama wa BMU gani, na risiti itatoka kwa jina la ofisi ipi. Akianza kuzungukazunguka, fungeni mazungumzo, safari iendelee bila yeye.