SOMO LA KIKUNDI: FIGO SI MBUZI WA SOKONI



Mwezi huu tunaomba msome somo hili pamoja kabla ya kuhesabu michango. Linahusu biashara ya figo, na biashara hii imeshafika vijijini.

Aprili 2025, waandishi wa habari wa Ujerumani walieleza jinsi vijana wa magharibi mwa Kenya walivyouza figo zao. Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja mjini Eldoret na kuunda kamati ya uchunguzi. Kijana mmoja alisema aliahidiwa dola 6,000, akapewa 4,000, yaani kama nusu milioni ya shilingi. Kwa maelezo ya waandishi hao, wagonjwa kutoka nje walilipa hadi yuro 200,000, zaidi ya shilingi milioni 25. Hebu jiulizeni, hizo zingine zilikula nani?

KUTOA SI KUUZA

Tusichanganye mambo. Mtu mwenye afya njema anaweza kuishi na figo moja. Mama akimpa mwanawe figo, baada ya kupimwa vizuri na kuelezwa hatari zote, huo ni upendo. Mwaka 2000 huko Roma, Papa Yohane Paulo II alisema hivyo hivyo mbele ya wataalamu wa upandikizaji, na akakataa biashara ya viungo kwa sababu inaufanya mwili wa mtu kuwa kitu tu.

"LAKINI MWILI SI NI WANGU?"

Wengine watasema, "Mimi ni mtu mzima, nimekubali mwenyewe." Swali ni zuri. Lakini angalieni ni nani anayekubali. Tajiri hauzi figo yake. Anayeuza ni yule aliyebanwa na deni, karo au mkopo wa pikipiki. Dalali anamjua, tena pengine ni kijana mwenzake aliyeuza yake kwanza. Ndiyo ya mtu aliyebanwa na shida si ndiyo kamili. Deni laweza kurudi mwaka ujao, lakini figo hairudi.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Afya ya 2017 inakataza kutoza pesa kwa kiungo cha binadamu. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa hivyo hata aliyepunjwa huogopa kwenda polisi. Dalali anajua hilo vizuri sana.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Tengeni mfuko mdogo wa dharura. Mwenye shida aweze kumwona mweka hazina faraghani, bila kuaibishwa mkutanoni.
2. Kijana akiahidiwa "kazi ya hospitali" au safari ya bure, aulizwe: nani analipa, na kwa nini?
3. Aliyekwisha kuuza asichekwe. Mpelekeni kliniki apimwe presha, damu na mkojo mara kwa mara.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Dalali naye huja wakati wa dhiki, basi kikundi kisimwache afike wa kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Kwetu hapa, ni shida gani inayoweza kumsukuma mtu kuuza figo?
- Mwanachama akidaiwa leo, angethubutu kutuambia? Kama hapana, ni nini kinachomzuia?
- Tutaanza mfuko wa dharura kwa shilingi ngapi kila mwezi?