Wayo Unauma: Ukimbie au Upumzike?

Unakimbia Tezo, kando ya barabara ya Malindi au kwenye vijia vya mchanga, na wayo hauachi kuuma? Amua hivi:

• Kisigino kikichoma hatua za kwanza asubuhi kisha kikalegea, punguza umbali. Si lazima uache kabisa.
• Bonyeza mifupa ya wayo kwa kidole kimoja. Ukikuta mahali padogo panapouma vikali, acha kukimbia leo hii, ukapigwe eksirei Kilifi. Ufa mwembamba wa mfupa huenda usionekane mapema. Maumivu yakibaki, rudi.
• Ukianza kuchechemea, panda boda urudi nyumbani.
• Usimeze dawa ya maumivu ili umalize mbio. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote.
• Usikubali kukandwa kwa nguvu palipovimba.
• Epuka mchanga laini, na ukingo wa lami ulioinama.
• Ndala ni za kuendea dukani.
• Una kisukari na wayo una ganzi au kidonda? Hospitali, siku hiyo hiyo.