Mtoto Aliyeangukia Motoni

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Marko 9:14–29, Mathayo 4:23, 24, Kumbukumbu la Torati 23:12–14, Isaya 38:1–21, Marko 1:40–42, Yohana 9:1–3.

Fungu la Kukariri: Marko 9:27. Lisome katika Biblia yako kila siku juma hili mpaka uweze kulisema kwa moyo.

Fikiria ibada kuu ikiwa katikati. Kwaya imesimama, na ghafla binti mmoja wa sauti ya kwanza anaanguka. Mwili unakakamaa, kisha unatetemeka. Povu linamtoka mdomoni. Baadhi ya washiriki wanaanza kukemea pepo kwa sauti kuu. Wengine wanavuta watoto wao kando ili mate yasiwaguse. Mama yake peke yake anapiga magoti, anamtandikia kitenge chini ya kichwa na kusubiri.

Juma linalofuata anaombewa. Baada ya maombi mtu mmoja anamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba kama anaamini ameponywa hana sababu ya kuendelea kumeza vidonge. Binti anaviacha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo ugonjwa huu hauko mbali na makanisa yetu. Juma hili tutajifunza jinsi Kristo alivyomhudumia mtoto mwenye dalili kama hizo, na yale ambayo utafiti wa ubongo umeyafunua. Tutaona kwamba kumwombea mgonjwa, kumpeleka kwenye tiba na kumshika mkono ni kazi moja ya upendo.

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Mabishano, na Mtoto Chini

Soma Marko 9:14–29. Yesu aliposhuka mlimani aliwakuta wanafunzi wakifanya nini? Mtoto alikuwa katika hali gani?

Wanafunzi tisa walikuwa wameshindwa kumponya mtoto, na sasa walikuwa wakibishana na waandishi mbele ya umati. Baba alisimama hapo na shida yake. Ni picha ya kusikitisha: watu wa dini wanashindana kwa hoja, wakati mgonjwa hana anayemtazama.

Angalia jambo alilofanya Yesu. Kabla ya kuamuru lolote, alimwuliza baba mtoto amekuwa na hali hiyo tangu lini (fungu la 21). Yeye aliyejua yote aliuliza, na akasikiliza jibu. Baba akaeleza kwamba ilianza utotoni, na kwamba mara nyingi mtoto ameanguka motoni na majini. Hata leo tabibu mwema huanza hivyo hivyo: ilianza lini, hutokea mara ngapi, mtoto huumia namna gani?

Angalia pia lawama ilipoangukia. Baba alikiri kwamba imani yake ni pungufu, naye hakufukuzwa. Mtoto hakuulizwa habari ya imani yake hata kidogo. Wanafunzi walipouliza faraghani sababu ya kushindwa, Bwana aliwaelekeza kwenye upungufu wa maisha yao wenyewe ya maombi (mafungu ya 28, 29). Mara ngapi sisi tumefanya kinyume! Tukiomba na mgonjwa asipone, twasema hana imani.

Je, umewahi kumlaumu mgonjwa, hata moyoni tu, kwa sababu maombi yako hayakujibiwa kama ulivyotazamia?

JUMATATU

Orodha ya Mathayo

Soma Mathayo 4:23, 24. Ni makundi gani ya wagonjwa yanayotajwa? Kwa nini ni muhimu kwamba hayakuchanganywa?

Mathayo anawataja wenye pepo, anawataja wenye kifafa, kisha wenye kupooza. Biblia inakiri kwamba pepo wapo na wanatesa watu. Tena inajua kwamba si kila aangukaye ana pepo. Katika Marko 9 Kristo mwenyewe alitambua roho mchafu. Sisi hatuna macho yake. Kudai kwamba tunaona pepo katika kila mwili unaotetemeka ni kujipa cheo ambacho hatukupewa.

Yapata miaka 400 kabla ya Kristo, maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates yalikwisha kudai kwamba ugonjwa huu, ambao watu waliuita mtakatifu, una chanzo cha kawaida kama magonjwa mengine, na kwamba chanzo hicho kiko katika ubongo. Ilichukua karne nyingi kulithibitisha. Mwaka 1924 daktari Mjerumani Hans Berger alifaulu kunakili umeme hafifu wa ubongo wa mwanadamu kwa waya zilizowekwa kichwani, na mwaka 1929 akachapisha matokeo yake. Chembe za ubongo huzungumza kwa umeme huo, kila moja kwa zamu yake. Wakati wa kifafa, chembe nyingi hupiga kelele kwa pamoja. Mwili hutii fujo hiyo, nao huanguka.

Vyanzo vya fujo hiyo ni vingi: kuumia wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali, kiharusi, au kurithi. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Lakini kutojulikana kwa chanzo si ushahidi wa laana. Soma Yohana 9:1–3 uone jinsi Yesu alivyowajibu wanafunzi waliotafuta mwenye dhambi mahali ambapo alikuwapo mgonjwa tu.

JUMANNE

Sheria Iliyosahauliwa

Soma Kumbukumbu la Torati 23:12–14. Mungu aliwaagiza Israeli wafanye nini nje ya kambi? Agizo hili lilihusianaje na utakatifu wa kambi?

Waadventista tunaijua vizuri Mambo ya Walawi 11 na katazo la nyama ya nguruwe. Agizo la leo, la kuchimba na kufukia uchafu, tunalitaja mara chache. Utafiti wa kifafa unayaweka yote mawili mezani pamoja.

Mtu akila nyama ya nguruwe yenye viluwiluwi vya tegu ambayo haikuiva vizuri, mnyoo huo unaweza kukua tumboni mwake. Mayai yake hutoka na kinyesi. Choo kikikosekana au mikono isiponawiwa, mayai hufika kwenye maji, mboga na chakula. Mtu mwingine akiyameza, viluwiluwi vinaweza kusafiri kwa damu mpaka kwenye ubongo, na huko kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yenye minyoo hiyo kwa wingi, karibu asilimia 30 ya visa vya kifafa hutokana nayo.

Angalia vizuri: anayepata ugonjwa wa ubongo kwa njia hii si lazima awe amekula nguruwe. Mwaka 1992 watafiti nchini Marekani walichapisha habari za watu wanne wa jumuiya ya Wayahudi washika sheria mjini New York, watu wasiogusa nguruwe, waliokutwa na viluwiluwi vya tegu katika ubongo. Ilionekana kwamba yaelekea mayai yalitoka kwa watu waliofanya kazi katika nyumba zao wakiwa na mnyoo bila kujua.

Basi, mwenye kifafa akiwa Mwadventista, asishukiwe kwamba alikula kwa siri. Na kanisa linalohubiri Walawi 11 huku halina choo safi wala maji ya kunawa limeshika nusu ya shauri la afya ambalo Mungu aliwapa watu wake.

Choo cha kanisa lako kikoje? Ni nani anayekihudumia?

JUMATANO

Tini za Hezekia

Soma Isaya 38:1–21. Hezekia aliahidiwa nini? Baada ya ahadi hiyo, Isaya aliagiza nini kifanyike?

Mfalme aliomba kwa machozi, naye Mungu akamwongezea miaka kumi na mitano. Hakuna ahadi iliyo wazi kuliko hiyo. Hata hivyo, nabii yule yule aliyeileta aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Hezekia hakusema kwamba kuwekewa tini ni kumshuku Mungu. Ellen G. White, katika *Huduma ya Uponyaji*, anafundisha vivyo hivyo: kutumia dawa ambazo Mungu amezitoa si kuikana imani.

Mwaka 1912 daktari Mjerumani Alfred Hauptmann alitambua kwamba fenobabitoni, iliyotumika kama dawa ya usingizi, inapunguza kuanguka kwa wagonjwa wa kifafa. Dawa hiyo ingali inatumika, na ni ya bei nafuu. Leo ziko nyingine pia. Inakadiriwa kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Lakini katika nchi zenye kipato cha chini, karibu robo tatu yao hawapati tiba wanayohitaji.

Dawa hizi huutuliza ubongo kwa kutumiwa kila siku. Zikikatizwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu, mtu akaanguka mfululizo bila kupata fahamu katikati, na hali hiyo inaweza kuua. Hapa tunarudi kwa binti wa kwaya. Aliyemshauri aache vidonge alidhani anaitetea imani. Kumbe alimweka mahali pa hatari ambapo Mungu hakumwita. Kama Mungu amemponya, tabibu atapima na kumpunguzia dawa hatua kwa hatua. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa; Yesu mwenyewe alimtuma mkoma kwa kuhani akachunguzwe (Marko 1:44).

ALHAMISI

Sahani ya Peke Yake

Soma Marko 1:40–42. Yesu angeweza kumponya mkoma kwa neno tu. Kwa nini alimgusa?

Mnamo 1960, katika milima ya Mahenge, Tanganyika, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya wagonjwa wa kifafa. Aliwakuta wengi wao wakiwa na makovu ya moto. Watu waliamini kwamba kifafa huambukiza kwa mate, hivyo mgonjwa alikula peke yake, kwa sahani yake, na alipoangukia motoni wengi waliogopa kumgusa. Daktari aliwagusa, akawapa dawa, na wengi wakapata nafuu. Alieleza pia watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Tangu hapo watafiti wamerudi Mahenge mara nyingi, na wameona uhusiano kati ya kifafa cha eneo hilo na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana katika mito iendayo kasi. Kwa hiyo familia inayomeza dawa za kinga ya usubi inalinda macho, na huenda inalinda ubongo pia.

Mate hayaambukizi kifafa. Lakini sahani ya peke yake hujeruhi. Wengi wenye kifafa hupatwa pia na sonona na hofu, na kutengwa huongeza mzigo huo. Soma tena Fungu la Kukariri. Umati ulidhani mtoto amekufa. Mkono wa Yesu ndio uliomfikia.

Mtu akianguka mbele yako, fanya hivi:

1. Ondoa moto, maji na vitu vyenye ncha kali karibu naye, au msogeze mbali na hatari.
2. Weka kitu laini chini ya kichwa na ulegeze nguo shingoni.
3. Usimkandamize, wala usimtie kijiko au kitu chochote mdomoni.
4. Mtetemeko ukipungua, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke.
5. Tazama saa. Ukizidi dakika tano, au ukirudia kabla hajapata fahamu, mpeleke hospitali upesi.
6. Kaa naye mpaka azinduke, na umwambie kwa upole yaliyotokea.

Haya yote unaweza kuyafanya huku ukiomba.

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma tena Marko 9:14–29 kwa sauti pamoja na familia yako. Kila mmoja achague nafasi ya mtu mmoja katika kisa hiki: baba, mtoto, mwanafunzi aliyeshindwa, mtu wa umati. Kisha aeleze alivyoiona siku ile.

Siku inakuja ambayo hakuna ubongo utakaochafuka wala mtoto atakayeanguka. Mpaka siku hiyo, Bwana ametuachia maombi, maarifa na mikono. Akitukuta tukibishana huku mgonjwa yuko chini, tutamjibu nini?

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki anasema, "Nimeponywa, nimeacha dawa." Mtamjibu nini kwa namna itakayoheshimu imani yake na kulinda uhai wake?

2. Darasani mwenu kuna mtu anayetaka kubatizwa naye ana kifafa. Kanisa lifanye maandalizi gani majini ili abatizwe kwa usalama na bila kuaibishwa?

3. Tunawezaje kuamini kwamba pepo wapo, kama Biblia inavyofundisha, bila kumwita kila mgonjwa wa ubongo mwenye pepo?

4. Ni nani katika kanisa au mtaa wenu anayekula kwa "sahani ya peke yake"? Kabla darasa halijafungwa, amueni ni nani atakayemtembelea juma hili, na siku gani.